Fungu la Boti

Kwetu samaki hakuwa chakula. Baba alimwita nyoka wa majini, na siku moja mama aliponunua vipande vya kukaanga sokoni akavileta mezani, baba alibeba sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe, akaenda kula nje, chini ya ghala la mahindi, na mvua ilikuwa inanyesha. "Nyinyi kuleni nyoka wenu," akasema. Watu wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka sehemu za kati, wakaja na viazi, maharagwe na ubishi. Viazi viliwahi kukosekana. Ubishi haujawahi.

Kwa hivyo ukipita Kibomet, hapa Kitale, leo ukanikuta nimeinamia karai, mafuta yanalia, nageuza samaki wa mbuta kwa uma mrefu, ujue kuna mtu aliyenifundisha. Huyo ndiye nataka kusema habari zake. Na nitazisema nikiwa na hasira, kwa sababu bado ninayo na sioni kwa nini niifiche.

Ni mkwe wangu. Si mama wa mume wangu, la. Mume wangu alifariki zamani na mama yake alimtangulia. Huyu ni mama wa mume wa binti yangu, watu wa Bungoma. Kwetu watu waliooleana watoto wanaitana muthoni, na neno hilo lina uzito. Muthoni humfokei. Muthoni humhesabii vipande vya nyama kwenye sahani yake. Mkikubaliana jambo naye, humwambii alete shahidi, wala humwambii tuandikiane. Ukifanya hivyo umemtukana, na matusi hayo ataenda kuyala mtoto wako uliyempa. Nimelelewa hivyo, na mama yangu alilelewa hivyo, na hapo ndipo nilipochinjiwa.

Siku walipokuja kwetu kuleta habari ya kuoa, wazee wao walikuja na maneno matamu, na yeye akaja na beseni kichwani. Akalifunua mbele ya wazee wetu: samaki, wamekauka vizuri kwa moto, wanang'aa. Wazee wetu wakaangaliana. Mmoja akajikohoza. Mimi nikaona aibu itaniua, nikachukua kipande, nikakitia mdomoni macho yamefungwa.

"Kula bana, mkwe," akaniambia akicheka, meno yote nje. "Hana miguu huyo. Hatatoroka tumboni."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Akanigonga mgongoni, akanipa maji, na tangu siku hiyo nilimpenda, haki ya Mungu. Nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Ndiye aliyenionyesha kumchagua samaki kwa matamvua yake, kumpaka chumvi akae kidogo, kungoja mafuta yanyamaze kwanza. Alikuwa na meza yake soko la Bungoma, na akaanza kunitumia mzigo Kitale. Niliuza. Watu wa kwetu walinipita wakishika pua, halafu watoto wao wakaanza kurudi jioni kununua kichwa, halafu wao wenyewe.

Wazo la boti lilikuwa lake. Alikuja kwangu siku moja amekasirika, maana wenye boti kule ziwani walikuwa wakimzungusha, leo samaki wapo, kesho wamepewa mwingine.

"Mkwe," akasema, "sisi tunakula jua, wenye boti wanakula samaki. Si tutengeneze yetu?"

"Mimi najua boti ni nini? Maji mengi nimeona siku ya mafuriko ya Nzoia tu, na nilikimbia."

"Wewe una mbao," akasema.

Na kweli nilikuwa nazo. Baba aliniachia mstari wa misaiprasi kwenye shamba letu upande wa Moi's Bridge. Aliipanda mwaka aliogombana na jirani juu ya mpaka. Walikuwa wamevutana, wamepelekana kwa chifu, mwishowe baba akapanda miti kwenye mstari wote na kuigongomea seng'enge. "Mwenye kuzozana na mimi azozane na miti," alisema. Miti ikakua, ikaimeza ile seng'enge, ukipita unaona waya umeingia kwenye ganda na kutokea upande wa pili. Jirani alikufa, baba akafa, watoto wao sisi tulisalimiana vizuri tu. Miti ikabaki imesimama bila ugomvi wa kulinda.

Nikaikata. Fundi wa msumeno wa mashine alitukana matusi ya kwao na ya kwetu pale meno yalipogonga waya ndani ya mti wa kwanza. Ubao mmoja ulitoka na mstari mweusi katikati, mahali seng'enge ilikuwa imeozea ndani, na mafundo mawili meusi, moja kila upande, yanaonekana kama macho yaliyotokwa na wanja. Fundi akasema huu tutupe. Nikamwambia huo hautupwi.

Tukakubaliana hivi, mimi na mkwe, tukiwa tumekaa jikoni kwangu tukichambua mboga: mbao zangu, injini yake, nyavu zake. Wafanyakazi wawe watoto wetu wawili, mume wa binti yangu na kitindamimba wangu, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na kazi yake ilikuwa vibarua vya kuchimba misingi hapa Kibomet, leo anaitwa, kesho anarudi na jembe begani. Samaki wakitoka wanagawanywa kama wanavyogawanya watu wa ziwa: fungu la nyavu, fungu la injini, fungu la boti, fungu la wafanyakazi. Fungu la boti ni langu. Hatukuandika popote. Tungeandikaje? Tulikuwa na mjukuu mmoja.

Siku ya kuishusha boti majini nilienda. Nilimwomba fundi wa boti ule ubao wenye macho auweke mbele, upande wa kushoto, juu ya maji. "Baba aone maji aliyoyakataa," nikasema, wote wakacheka. Ni siku hiyo nilielewa ziwa ni kitu gani. Fundi alinyoosha tezo lake kuelekea ndani.

"Maji yetu hapa ni kidogo, mama. Samaki wakubwa walishahamia huko."

Huko ni karibu na kile kisiwa cha mawe, ambacho si kisiwa hata, ni mwamba umejaa mabati. Nchi mbili zinakigombania, kila moja inasema ni chake, na maji yanayokizunguka ni yake pia, na samaki waliomo ni wake. Boti za upande huu zikifika, doria ya upande ule inasema zimevuka mpaka. Nikamuuliza mpaka uko wapi. Akacheka. Wa baba ungeushika ukakuchoma kidole. Huu hata wenyewe wanaogombana wakienda pale hawawezi kukuonyesha.

"Usijali," mkwe akaniambia. "Mimi nimeshafikiria."

Kaka yake anakaa Lwakhakha, lakini ng'ambo, upande wa Uganda. Kwa watu wa mkwe wangu mpaka ule ni kijito tu. Wanavuka kwenda matanga, wanavuka kwenda tohara, shangazi yuko huku, mjomba yuko kule, na lugha ni ileile. Basi boti ikawa na wenyewe wawili: huku mwenyewe ni mimi, kule mwenyewe ni kaka yake. Na chini ya kiti cha nyuma watoto walikunja bendera mbili ndani ya karatasi ya nailoni. Wakija hawa, unatoa hii. Wakija wale, unatoa ile.

"Serikali zikishindwa kugawana," mkwe akasema, "sisi tumegawana."

Nilimwona ana akili kupita wakubwa wa nchi zote mbili waliokuwa wakigombana kwenye redio. Nilimsifu. Woi, mimi!

Kwa muda mambo yalienda. Fungu langu lilikuja Kitale kwenye barafu, nami nilikaanga na kuuza, na jikoni kwangu hapakukosekana kitu. Kijana wangu alinenepa mabega. Yeye na shemeji yake walipendana mpaka ikawa kero, wanavaa viatu vya mmoja, wanacheka mambo yasiyochekesha, wakija nyumbani pamoja huwezi kujua nani ni wa nani.

Halafu asubuhi moja, karai liko motoni, simu ikalia. Mvuvi mmoja, simjui, alipewa namba yangu na kijana. Akasema mama, boti yako imechukuliwa karibu na mwamba, na watoto wote wawili wamo. Bendera zilikutwa zote mbili, na hilo ndilo liliwakasirisha askari. Samaki waliungua karaini siku hiyo mpaka jirani akaja kuuliza ni nini kinaungua.

Mkwe alifika Kitale kabla ya adhuhuri. Alinikumbatia mlangoni, akalia, nikalia. Akapiga magoti sakafuni kwangu akaomba kwa sauti, akataja watoto wote wawili, wa kwangu kwanza. Naikumbuka hiyo. Wa kwangu kwanza.

"Naenda Lwakhakha leo," akasema. "Kaka yangu anafahamiana na mkubwa mmoja wa hao askari. Nitawatoa."

"Twende wote."

"Wewe ukienda, mkwe, ukifungua mdomo tu watajua. Mimi kule ni nyumbani. Wacha niende, nitakuletea mtoto wako."

Si nimesema muthoni humwambii alete shahidi? Nikaingia chumbani nikachukua sweta la kijana, la kijani, nililolifuma mwenyewe, maana kule ziwani upepo unauma. Nikamfungia na chapati. Nikamwambia mwambie mama yake anaomba. Akasema nitamwambia.

Nilingoja. Wanaosema kungoja ni kazi wamesema kweli, ila ni kazi isiyo na jioni. Halafu binti yangu akapiga simu, sauti imepasuka kwa furaha: "Mama, baba mtoto amefika!" Nikaruka. Niliimba hapo barabarani na mwiko mkononi. Nikauliza na kaka yako? Akarudia kuwa mumewe amefika. "Kaka yako je?" Akasema, mama, njoo Bungoma mzungumze na mkwe wako.

Nilipofika, mkwe wangu wa kiume, mume wa binti yangu, hakuniangalia usoni. Alikaa amekunja miguu, anakwaruza matope kwenye kiatu. Mama yake ndiye aliyesema, amenishika mkono. Wamekataa, akasema. Wa kwako wamesema ni Mkenya wazi, kesi yake ni nyingine, ni mambo ya nchi kwa nchi. Na boti imechukuliwa na serikali yao, hiyo tusahau. Sweta? Alipelekewa, akasema. Analo.

Nikamshukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia Mungu akubariki, umejaribu.

Nilizunguka ofisi. Kila ofisi walinipa kiti, wakanisikiliza, wakaniambia ni mambo ya nchi mbili, mama, tungoje wakubwa wazungumze. Kutoka kwa kijana mwenyewe, hakuna kitu. Niliacha kusuka nywele. Nilikuwa nikimkaangia mteja samaki na kumpa bila chumvi.

Na katika kipindi hicho chote, kila wiki, mkwe alinitumia mbuta. Mkubwa, mnono, kwenye barafu, na salamu: wa kukupa moyo, mkwe wangu. Akinipigia nikimwambia usijisumbue, na wewe umepoteza boti, anasema, "Nyamaza, sisi ni kitu kimoja." Niliwaambia wanawake wa kanisa letu juu yake. Niliwaambia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wao wakatikisa vichwa wakasema kweli, una bahati na wakwe. Binti yangu naye alisema mumewe amepata kazi ya mjengo Busia, hayupo nyumbani siku nyingi. Nikasema afadhali, mtoto atakula.

Ndipo zikaja zile habari za saa saba. Nilikuwa nimepeleka samaki kwenye hoteli moja ya mjini, nangoja bakuli langu, televisheni inaongea juu ya friji. Wakubwa wa nchi mbili wamekutana ziwani. Wamevaa jaketi za kuelea juu ya suti. Wanashikana mikono, wanatikisa, wanangoja wapigapicha, wanatikisa tena. Mmoja akasema ziwa hili ni letu sote, tutagawana samaki wake kama ndugu, na wavuvi walioshikwa pande zote wataachiliwa. Watu hotelini wakashangilia. Mimi sikushangilia. Nilikuwa naangalia nyuma ya mabega yao.

Nyuma yao palikuwa na boti zimefungwa kwa foleni. Moja imepakwa rangi ya bluu, bendera ya ng'ambo mbele. Na mbele, upande wa kushoto, juu ya maji, rangi ilikuwa imeshindwa kufunika mstari mweusi na mafundo mawili. Baba alikuwa ananiangalia.

Nikasema, "Hiyo ni boti yangu." Mwenye hoteli akadhani nazungumzia wimbo wa tangazo. Nikasema tena, kwa nguvu, na watu wakageuka.

Kesho yake niliondoka alfajiri, na sikwenda Bungoma kwa mkwe. Nilipitiliza mpaka Lwakhakha, nikavuka daraja na wanawake waliobeba vitunguu, nikaulizia kwa kaka yake. Asubuhi ile ya mlimani ilikuwa na baridi. Mzee akatoka nje kunipokea, mchangamfu, mikono imenyooshwa, "Mulembe, mulembe mama!" na kifuani amevaa sweta la kijani.

Nilijua mahali kila fundo lilipo kwenye sweta lile. Chini ya kwapa la kushoto niliwahi kukosea nikarudia.

"Sweta zuri, mzee," nikamwambia.

"Dada yangu aliniletea," akasema, anajipapasa kifua. "Zawadi."

Yule mzee hakuwa na hila. Simlaumu, na nitasema hivyo popote. Alinikaribisha, akaagiza chai, nami nikamwambia mimi ni mkwe wa dada yako, mama wa binti aliyeolewa kwenu, nimekuja kujua mambo ya boti yalikwendaje. Akaniambia kama mtu anayesimulia mavuno. Yule mkubwa wa askari hakuwa mbaya, akasema. Alituambia nimeshika vitu vitatu, vijana wawili na boti moja. Viwili nitawapa. Kimoja lazima kibaki, niwe na kitu cha kuonyesha wakubwa wangu. Chagueni.

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka chini polepole nisimwage.

"Na dada yako akachagua."

"Akachukua kijana wake na boti," akasema mzee. "Yule mwingine alisema ni kibarua tu, alimtoa Kitale. Hatumjui sana."

Ngai wangu. Nikajifuta macho. Mzee akaniuliza kama chai ina moshi.

Bungoma nilifika mchana, soko limejaa. Mkwe aliponiona akafungua mikono yake yote, "Mkwee! Hata bila kupiga simu!" Nikasimama mbele ya meza yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilimfokea muthoni, na mbele ya watu.

"Kibarua?" nikasema. "Mtoto wangu ni kibarua wako?"

Aliufuta mkono wake mmoja kwenye aproni, halafu mwingine. Wanawake wa meza za jirani wakajifanya wanapanga samaki.

"Ungekuwa ni wewe," akasema mwishowe, sauti ya chini, "ungemtoa nani?"

Hilo swali nimeligeuza sana tangu siku hiyo. Na jibu langu ni lilelile nililompa pale pale.

"Ungeniambia walikuwa wanatoa mtoto mmoja tu, ningelia, halafu ningekusamehe. Wewe ni mama. Lakini walikuwa wanatoa viwili! Viwili, mkwe! Na vijana ni wawili! Ulimwacha mtoto wangu ukachukua mbao?"

"Bila boti tungekula nini?" Naye sasa alikuwa amepandisha, machozi yanamtoka. "Binti yako angekula nini? Mjukuu wako? Nilijua wale wavulana huwa wanaachiliwa, leo au kesho. Boti ikibaki kule haitoki, inaoza! Na wewe sikukusahau. Mayi! Si kila wiki nilikuletea? Fungu la boti lako si ulikuwa unakula?"

Nilikaa juu ya kreti ya mtu.

Wale mbuta. Wa kukupa moyo. Nilikuwa nimewapaka chumvi, nimewakaanga, nimekula mkia na kuuza kifua, nimemwombea aliyewatuma. Yeye moyoni mwake alikuwa safi kabisa. Alikuwa amegawa. Fungu la nyavu, fungu la injini, fungu la boti, kila mwenye haki amepata. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na nikaona basi nina huyo mmoja niliyemzaa, yuko hapa hapa mjini. Nikainuka nikaenda kwa binti yangu.

Alikuwa anaanika nguo. Kwenye kamba palikuwa na suruali ya mumewe, imejaa magamba ya samaki yaliyokataa kutoka. Mjengo wa Busia hauna magamba. Nikaishika ile suruali, nikamwangalia.

"Mama," akasema, "ningefanya nini?"

"Ulijua tangu lini?"

Aliikamua nguo iliyokuwa imeshakamuliwa. Halafu akanishika kanga kwa nguvu, vile alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukivuka barabara. "Wanasema wataachiliwa sasa. Kaka akirudi usimwambie, mama, tafadhali. Unamjua hasira yake, amechukua ya babu. Atakuja hapa aue mtu, na mtu mwenyewe ni baba wa mtoto wangu. Mwambie boti ilizama. Mwambie hivyo tu."

Nikarudi Kitale bila kumuaga.

Wakubwa walitimiza neno, hilo nitawapa. Wavuvi walivushwa Busia, na kijana wangu akaja nyumbani mchana wa jua kali, amekonda, shingo imekuwa ndefu, ameshika mfuko wa plastiki usio na kitu ndani. Nilimshika uso. Nilimnusa. Majirani walipiga vigelegele wakaenda zao, wana adabu, wakatuachia nyumba.

Sikumpikia samaki. Nilimsongea ugali, nikamkaangia mayai na sukuma. Akanawa, akala kimya, anakata tonge kubwa, macho kwenye sahani. Nikamwambia ya jirani aliyejenga, ya ng'ombe aliyezaa, ya mahindi. Akawa anaitikia mm, mm.

Halafu akauliza, bila kuinua kichwa, "Na boti, mama?"

Nilijua litakuja. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo. Niliona shingo yake, niliona mjukuu wangu, niliona panga la baba nyuma ya mlango, ambalo tangu asubuhi nilikuwa nimelihamishia kwa jirani.

"Ilizama," nikasema. "Askari waliivuta vibaya, ikazama."

Akaendelea kutafuna. Akameza. Akachota sukuma kidogo na tonge.

"Kule walitukalisha karibu na ufuo," akasema. "Tulikuwa tunatolewa asubuhi kufagia. Kila asubuhi ilikuwa inapita. Wameipaka bluu." Akafuta kidole kwenye ukingo wa sahani. "Siku ya kwanza nilimwita shemeji. Nilidhani hajasikia kwa sababu ya injini."

Aliinua kichwa sasa, akaniangalia, na hakukuwa na hasira ya baba usoni mwake hata kidogo. Alikuwa ananiangalia kama mimi nilivyomwangalia mkwe pale sokoni, kabla sijafungua mdomo.

Halafu akanisogezea sahani.

"Niongeze mboga," akasema.

Nikainuka, nikamwongezea.